Ili Mlima Uonekane

Weka simu hiyo chini, mwanangu Yasini, ukae. Siyo hapo mlangoni kama mtu anayetaka kukimbia. Njoo hapa kwenye mkeka, karibu na miguu ya bibi yako. Magharibi bado, futari itatusubiri. Nimekasirika, na sina sababu ya kujifanya sijakasirika, maana nikikuchekea leo utaondoka hapa ukijua umefanya jambo jema, kisha kesho utalifanya tena.

Umeniletea picha za wewe na wenzako mkigawa vitu vya futari kule Pasua. Unga, sukari, tende, mafuta ya kupikia. Mmevaa fulana za rangi moja, jina la kikundi chenu kifuani, mnang'aa kweli kweli. Na wale kina mama mmewapanga mstari, kila mmoja kashikishwa mfuko wake kama mwanafunzi anayepewa zawadi ya kufaulu. Nyuma yao mlima, Kibo hana hata kipande cha wingu. Nilikusifu, sikatai. Halafu ukafika kwenye picha ya yule mama aliyejifunika uso mzima kwa kanga, ukacheka. Ukasema, "Bibi, huyu kaniharibia picha. Nimembembeleza ajifunue, kagoma."

Kakuharibia picha! Ebo!

Yule mama mimi namjua, Yasini. Namjua kwa namna anavyoishika ile kanga, kwa ndani, vidole visionekane. Anaitwa Halima, kama mlivyoandika chini ya picha. Mama yake alikuwa Bi Zaina, na hicho unachokicheka nilikiona kwa mama mtu, baba yako akiwa bado mgongoni mwangu. Basi leo hutoki hapa mpaka ujue kwa nini mtu anafunika uso wake mbele ya kamera ya mtu anayempa unga.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Iddi ya kuchinja. Nilikuwa nimeolewa juu ya Kwa Sadala, kule unakopanda kama unaelekea msituni, migomba kulia na kushoto, na maji ya mfongo, mfereji wetu wa jadi, yakipita chini ya kila kihamba, shamba la nyumbani. Ilikuwa miaka ya ruksa. Watu waliozoea kupanga foleni ya sukari na sabuni waliamka wakakuta maduka yamejaa. Wenye akili ya biashara walikwenda Tarakea mpakani, wakawa wanavusha bidhaa kutoka Kenya, na baada ya muda mfupi ukamwona mtu uliyekuwa ukimwazima jembe anapita na gari lake, kioo kimepandishwa juu, vumbi unakula wewe.

Mmoja wao alikuwa Twaha. Mtoto wa pale pale kijijini, wote tulimjua kwao. Akapata mali, akafungua duka kubwa Kwa Sadala, akaenda kuhiji, akarudi. Mungu amkubalie hija yake, mimi si mwenye kuipima. Ila tangu aliporudi, ukimwita Twaha haitiki. Umwite Alhaji. Mama yake mzazi, aliyemnyonyesha, naye amwite Alhaji! Sasa niambie wewe.

Na kulikuwa na baba mkwe wangu, Mzee Shabani, babu wa baba yako. Huyu ndiye aliyekuwa mchinjaji wetu. Wewe umekulia mjini, labda hujui desturi ya kule. Jirani Mkristo akiwa na harusi, au ubatizo, au Krismasi, hachinji mwenyewe. Anamwita Mwislamu amchinjie, ili majirani zake wote waweze kukaa naye na kula. Mzee Shabani alikwenda kila nyumba. Anachinja, anapewa shingo kama sehemu yake, anaiviringisha kwenye jani la mgomba, anarudi. Hakukaa kwenye pombe, na hakuna aliyemlazimisha kukaa. Kisu alikinoa nyumbani alfajiri, kamwe hakukinoa mbele ya mnyama. Alikuwa akisema mnyama naye ana moyo.

Sasa ile shingo, mwanangu, nyumbani kwetu hatukuiona. Mama mkwe alinung'unika miaka yote kwamba mumewe anachinjia watu na kurudi mikono mitupu. Mimi ndiye niliyekuja kujua. Nilikuwa nikidamka kwenda kuteka maji kwenye mfongo kabla hayajachafuliwa, na asubuhi moja nikamwona mzee anatoka kwenye kihamba cha jirani, polepole, bila taa. Nyuma ya jiko la jirani huyo kulikuwa na ua wa masale, na kwenye ule ua kilikuwa kimening'inia kifurushi cha jani la mgomba. Jirani mwenyewe ndiye Bi Zaina, mjane, aliyebaki na binti mmoja, Halima.

Mzee akanitazama. Akasema, "Umeona nini, mwanangu?"

Nikamjibu, "Sijaona kitu, baba."

"Basi endelea hivyo hivyo."

Yakaishia hapo. Bi Zaina hakujua nani anamwekea nyama. Labda alihisi, lakini hakuulizwa, hakuambiwa, hakutakiwa ashukuru mtu. Alikuwa akitembea kijijini kichwa juu, kanga zake zimefuliwa zikanyooshwa, na mtoto wake akienda shule na soksi nyeupe. Hakuna aliyejua siku gani jiko lake limelala baridi. Mzee wangu ametangulia mbele ya haki, na leo hii mimi namfichulia siri yake. Mungu anisamehe, lakini nimeona bora wewe uijue kuliko ikazikwa na mimi.

Haya, turudi kwenye Iddi.

Alhaji alitangaza kwamba mwaka ule atachinja madume matatu kwa ajili ya maskini wote wa kijiji, Waislamu kwa Wakristo. Lilikuwa jambo kubwa, tulifurahi kwa moyo. Tukapanga kupika pilau pale uwanjani karibu na msikiti, na mimi nilikuwa mmoja wa wapishi, baba yako mgongoni. Tukafika, loo! Turubai limefungwa, viti vimepangwa, kipaza sauti kinapiga kelele mpaka ng'ombe wamekata kamba, na kijana mmoja kutoka mjini ana kamera ya video begani. Enzi zile kamera ya video ilikuwa kitu cha kushangaza, watoto walimfuata kila anapokwenda.

Tukaswali. Baada ya swala na hotuba Mzee Shabani akamlaza dume la kwanza. Miguu imefungwa, vijana wameshika, uso umeelekezwa kibla. Kwetu kule kibla ni upande wa mlima. Ukisimama kuswali, Kibo yuko mbele yako. Mzee kisu amekificha ndani ya jani, anataka tu kukitoa amalize. Yule kijana wa kamera akapaza sauti, "Mzee, subiri kwanza!"

Mzee akasubiri, akidhani kuna mtoto amesogea karibu. Kijana akasema, "Hapo namwona Alhaji mgongo tu. Mgeuzeni ng'ombe aangalie huku kwangu, na Alhaji asimame nyuma yake aangalie huku, ili mlima uonekane."

Mwanangu, nilikuwa nimeshika mwiko, ukabaki hewani. Ng'ombe wa Iddi akipe kibla mgongo, ili mlima uonekane! Nikasema Alhaji atamkemea huyu kijana sasa hivi, mtu ametoka Makka juzi juzi. Akamkemea? Wapi! Akarekebisha kofia yake, akawaambia wale vijana, "Mgeuzeni kidogo tu."

Mzee Shabani akasema, "Twaha, kibla kiko wapi?"

Na Twaha, badala ya kujibu, akaangalia juu mlimani. Wingu lilikuwa limeanza kufunika kilele, unajua linavyokuja jua likipanda. Akamjibu mzee, "Baba, tumsubiri huyu kijana dakika chache, wingu lile litaondoka."

Yaani aliona shida ni wingu! Dume liko chini, limefungwa miguu, jicho limemtoka, linahema, povu mdomoni, na watu wazima wenye kanzu nyeupe wamesimama wanasubiri wingu lipite! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Hiyo ndiyo ibada? Hiyo ndiyo sadaka aliyofundishwa Nabii Ibrahimu? Tumefundishwa tangu utotoni kwamba nyama zake hazimfikii Mungu wala damu zake, kinachomfikia ni ule uchaji wetu. Sasa siku ile, mwanangu, kingemfikia nini? Mlima?

Mzee Shabani hakusubiri. Aliwaambia wale vijana washike sawasawa, akatamka jina la Mungu, akachinja, kibla pale pale kilipokuwa. Akaenda kwa la pili, akachinja. La tatu, akachinja. Alhaji akaja juu, "Baba, umeniharibia! Ng'ombe ni wangu!" Mzee akafuta kisu chake kwenye nyasi, akamwambia, "Ng'ombe ni wako. Jina nililolitaja juu yake si lako." Akachukua bakora yake akaenda zake. Hiyo siku shingo hakuichukua.

Nilidhani aibu ile ingemtosha Alhaji. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. Kwa kuwa kamera ilikosa kuchinja, ikabidi ipate kugawa. Akashika kipaza sauti, akaanza kuwaita watu kwa majina waje mbele kupokea nyama. Na wa kwanza kuitwa ni nani? "Tunaanza na mjane wetu, Bi Zaina, ambaye hana mbele wala nyuma! Aje na mtoto wake yatima tumwone!"

Hana mbele wala nyuma. Kwenye kipaza sauti. Sauti ilivuka mpaka vihamba vya ng'ambo.

Bi Zaina alikuwa amekaa na sisi wapishi, anachambua mchele. Hakuja kuomba, alikuja kusaidia, na vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la mchele. Nilimwona uso unavyomshuka. Akanyanyuka, maana angefanyaje, kijiji kizima kimegeuka kinamtazama. Halima akamfuata nyuma akiwa ameshika upindo wa gauni lake. Akapewa nyama kwenye beseni. Kijana wa kamera akasema haikutoka vizuri, airudishe apewe tena. Akairudisha. Akapewa tena. Wakamwambia aseme asante Alhaji, akasema. Wakamwambia mtoto naye aseme, kwa sauti, aangalie kamera. Mtoto akasema huku analia, na watu wengine, Mungu awasamehe, wakacheka.

Wingu nalo lilikuwa limeondoka. Mlima ulionekana vizuri sana.

Ule mkanda Alhaji aliuonyesha kwenye televisheni dukani kwake Kwa Sadala. Kila siku ya soko. Aliielekeza televisheni nje, watu wanakuja kununua chumvi wanasimama wanatazama. Wanafunzi wakitoka shule wanajazana pale. Sisi tuliokuwa mbali na barabara hatukujua lolote, mpaka siku jirani yetu Mama Aloisi, Mkatoliki, alipokuja nyumbani amekasirika kuliko mimi ninavyokasirika leo. Mwanawe alikuwa darasa moja na Halima. Akasema, "Mama mwenzangu, ninyi Waislamu mnamfanya nini yule mtoto wa Zaina? Shuleni wanamwita Asante Alhaji. Akinyoosha mkono kujibu swali, darasa zima linamwitikia, Asante Alhaji! Wiki ya pili sasa haendi shule. Anajificha kwenye migomba mpaka saa ya kurudi, ndipo anarudi nyumbani na madaftari yake."

Ningemwambia nini? Kwamba hiyo ndiyo Iddi yetu?

Na kuna jingine, lililoniuma zaidi. Alfajiri moja nimekwenda kuteka maji, nikapita nyuma ya jiko la Bi Zaina. Kifurushi kilikuwa pale pale kwenye masale. Kesho yake kilikuwa pale. Keshokutwa nzi wamekijaa. Hakukigusa! Mtu aliyekuwa akipokea kwa heshima yake, kimyakimya, kati yake na Mola wake, sasa kila kinachotoka mkononi mwa mtu amekiona ni kile kile cha kwenye kipaza sauti. Unaelewa, Yasini? Alhaji hakumvunjia heshima tu. Alimfungia mlango wa riziki, akajiita mfadhili wake. Nilimwona Mzee Shabani anakitungua kile kifurushi, anakwenda kukifukia. Machozi yanamtoka, hata hayafuti. Mtu mzima yule.

Siku ya soko akaniambia twende naye Kwa Sadala. Mimi nimebeba mkungu wangu wa ndizi mshare kichwani, yeye na bakora yake. Akaingia dukani, akazima televisheni mwenyewe kwa mkono wake. Alhaji akatoka nyuma ya kaunta, akatoa shikamoo, maana adabu hiyo angalau alikuwa nayo. Mzee akaitikia marahaba, halafu akaanza.

"Twaha, mtoto wa Zaina haendi shule tena."

Alhaji akasema, "Nimesikia, baba. Watoto ni watoto. Lakini mimi nimelisha kijiji kizima. Hilo ndilo kosa langu?"

"Umemlisha nani? Wewe ulikuwa na njaa kuliko Zaina, ndiyo maana ulikula kwanza, ukamlia uso wake. Ulitaka watu waseme Twaha anatoa. Wamesema. Basi umeshalipwa, Twaha. Usije ukasimama mbele ya Mungu ukadai mara ya pili."

Wateja wamegeuka kututazama, chumvi mkononi. Mzee akashusha sauti, akamwambia kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Mwanangu, mimi nimekushika ukiwa mdogo nikakufundisha kutia udhu. Nilikufundisha ukinuia, unanuia moyoni, hakuna anayekusikia. Kwa nini ulifikiri tunanuia moyoni? Ingekuwa ni kwa ajili ya watu, tungenuia kwa kelele."

Alhaji akainama. Nilimhurumia, nisiseme uongo, macho yalikuwa mekundu. Akauliza, "Sasa nifanyeje, baba?"

"Kata isale uende kwa Zaina. Uende peke yako." Akafika mlangoni, akageuka, "Peke yako, Twaha."

Isale nalo labda hulijui, wewe mtoto wa lami. Ni yale majani marefu ya ua, yaliyopandwa mipakani kule kwetu. Tangu enzi na enzi, ukimkosea mtu vibaya unakata jani la isale unampelekea, na huyo mtu halikatai. Hata kama umemfanyia nini. Wakristo wanaliheshimu, Waislamu tunaliheshimu, halina dini, ni la majirani. Nikajipa moyo, nikasema basi, yataisha. Bi Zaina atafungua mlango, mtoto atarudi shule.

Ijumaa, baada ya swala, tukasikia gari linapanda. Pikapu. Alhaji yuko mbele, kanzu mpya, amejaa manukato. Nyuma wamekaa watu wa kamati, na kati yao, haki ya Mungu siongezi chumvi, yule yule kijana na kamera yake begani! Na lile isale Alhaji amelifunga utepe. Utepe mwekundu, kama zawadi ya bibi harusi!

Anakwenda kuomba msamaha wa kamera, na kamera!

Tulikimbilia kwa Bi Zaina, nusu ya kijiji. Alhaji akasimama uani, akatoa hotuba, kwamba binadamu hukosea, kwamba yeye ni mtu wa kujishusha, watu washuhudie anavyojishusha. Astaghafirullah! Bi Zaina alikuwa mlangoni, Halima kajibanza nyuma yake. Na yule kijana akafungua mdomo wake, akasema, "Mama, sogea huku kidogo, ili mlima uonekane."

Bi Zaina akageuka akaingia ndani. Tukaguna wote. Kulikataa isale ni jambo zito, halijawahi kutokea kijijini, na wazee wakaanza kutazamana. Mzee Shabani alikuwa amesimama pembeni, bakora imezama kwenye udongo. Halafu mlango ukafunguliwa. Bi Zaina alitoka amejifunika kanga, kuanzia kichwani mpaka kiunoni, uso wote, vidole vimeishika kwa ndani. Akaja akipapasa njia kwa miguu. Akafika mbele ya Alhaji, akanyoosha mikono yote miwili chini ya ile kanga, akalipokea isale kwa heshima zote. Akageuka, akarudi ndani, tukasikia komeo.

Kijana wa kamera akasema, "Sasa hapa nimepata kanga tu."

Alhaji akasema, "Si kitu. Amepokea, amenisamehe, mmeona wenyewe." Wakapanda gari, wakashuka.

Usitegemee nikuambie kwamba Alhaji alipatwa na balaa. Hakupatwa. Aliendelea na biashara yake, akajenga baraza la msikiti, akaandika jina lake ukutani kwa rangi ya kijani. Waliopata hasara ni wengine. Halima hakurudi shule. Baada ya muda alishuka mjini kufanya kazi za ndani, mtoto aliyekuwa anaongoza darasa kwa hesabu, na Bi Zaina hakupokea tena kitu cha mtu mpaka anaingia kaburini. Mzee Shabani aliendelea kuning'iniza vifurushi na kuvitungua. Nami nikahamia huku Njoro na babu yako, Halima nikasikia tu yuko mjini, sikujua mtaa gani. Nimekuja kujua leo kwenye simu yako, mwanangu. Amesimama kwenye mstari wenu, mtu mzima sasa, ameshikishwa mfuko wa unga, amefunika uso wake kama mama yake. Na mlima, mashallah, umetoka vizuri.

Usilie. Au lia, haina neno, lakini nisikilize.

Najua utaniambia mnahamasisha wenzenu, na kweli sadaka ya wazi haikukatazwa. Mungu mwenyewe amesema ikitolewa wazi ni vizuri, ikifichwa ni bora zaidi. Lakini wazi ni wewe kuonekana ukitoa, mwanangu. Haikusemwa popote kwamba yeye aonekane akipokea! Uso wake hukuununua na kilo za unga. Mkitaka kuhamasishana, pigeni picha ya magunia.

Na niya yako uitazame kabla hujatoa, uitazame tena wakati unatoa, na ukishatoa ndipo uitazame sana, maana shetani anajua kusubiri. Mtu anaweza kuamka na niya safi kabisa, akafunga swaumu kwa ajili ya Mungu, akabeba gunia mgongoni kwa ajili ya Mungu, halafu jioni akaketi kuhesabu nani wamempongeza. Ukiona kazi inakuwa nzito kwa sababu hakuna anayekuona, kaa chini ujiulize ulikuwa unamfanyia nani. Usiache kutoa, Yasini. Nikisikia umeacha kutoa kwa sababu bibi yako amekugombeza, tutagombana upya. Wewe toa, swali, funga, saidia watu, ila usikipe kibla mgongo ili mlima uonekane.

Sasa chukua simu yako. Ifute ile picha hapa hapa nikiona, na uwaambie wenzako nao wafute. Halafu nenda nyuma ya nyumba. Nilipohama kule nilikuja na kipande cha isale la ua wa Bi Zaina, nikakipanda kando ya bomba; limekua, limezaa mengine. Kata jani moja. Vua hiyo fulana, vaa shati lako la kawaida, uende Pasua, uulizie kwa Halima. Simu uiache hapa kwenye mkeka. Ukifika, bisha hodi mlango wa nyuma, mwamkie, mpe jani, umwambie umekosa. Usimwambie bibi yako ni nani, asije akapokea kwa kunionea haya mimi.

Akikufungulia, Alhamdulillahi. Akikufukuza, uondoke na adabu yako, jani uliache mlangoni. Na ukirudi, mwanangu, usinisimulie. Hata mimi usiniambie alikujibu nini, wala nisiuone usoni mwako. Kaa tufuturu kama vile ulikwenda dukani.

Nenda. Mungu akujalie mkono unaotoa na moyo usiotaka kuonekana, akupokelee swaumu yako hii na zote zilizobaki, na siku utakayosimama mbele yake ukute hujalipwa bado. Pitia kwenye migomba, barabarani watakuona.